Madaftari ya mpango wa kiroho yanayouzwa Lubumbashi: lipi la kununua, lipi la kujichorea mwenyewe

Kuanzia Novemba, mvua zikishashika, meza za vitabu mbele ya makanisa ya Lubumbashi hujaa madaftari ya aina moja: jalada gumu, picha ya mlima au ya mti, na ahadi ya mwaka wa kukua katika imani. Mengi ni ya Kifaransa, machache ya Kiswahili. Ndani utakuta ukurasa wa maono, malengo ya mwaka, ratiba ya kusoma Biblia, kurasa za wiki, orodha ya maombi, nafasi ya kuandika mahubiri, na nyuma kabisa hesabu ya zaka na sadaka. Tunayapima hapa kama aina, bila kumtaja mchapaji yeyote, maana wanaigana mpaka makosa.

Mwenye haraka achukue hukumu yetu mapema. Kwa kusoma na kuomba peke yako, daftari lililochapwa linafaa, mradi halina tarehe. Kwa maisha ya kanisa, yaani huduma, vikundi, michango na vilio (misiba), karibu yote hayafai. Yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyejifungia chumbani na wiki yake iko huru mkononi mwake. Mkristo wa komini za hapa mjini, Katuba au Kenya, haishi hivyo. Nusu ya wiki yake imeshapangwa na wengine kabla hajashika biki.

Tuanze na kitu chenyewe. Ukubwa wa kawaida ni A5, milimita 148 kwa 210, unaoingia mkobani pamoja na Biblia. Cha kwanza kutazama ni mgongo. Daftari lililobandikwa kwa gundi tu lifungue katikati, ukiwa bado pale mezani, mpaka lilale. Ukisikia gundi inalia, ujue kurasa za Februari zitakuwa zimechomoka kabla ya Pasaka. La springi hulala vizuri mapajani, na hilo ni jambo la maana kwa anayeandika mahubiri kwenye benchi lisilo na meza, ila springi ya plastiki hukatika meno mkobani na ya waya hupinda ikikaliwa. Lililoshonwa kwa uzi ndilo linalomaliza mwaka. Karatasi ya gramu 80 hubeba biki pande zote mbili. Ya gramu 60 huonyesha maandishi upande wa pili, na wino wa jeli hupenya kabisa. Katika miezi ya mvua tumia biki ya kawaida. Wino wake ni wa mafuta, hivyo daftari likinyeshewa njiani maneno hubaki, wakati wino wa jeli huchuruzika na kuacha doa la buluu mahali palipokuwa na maombi ya mwezi mzima.

Sasa ndani. Ukurasa wa malengo ndio unaojazwa kwa furaha zaidi, mara nyingi usiku wa mkesha wa tarehe 31 Desemba, na ndio wenye thamani ndogo kuliko yote. Watu huandika “kumkaribia Mungu zaidi”, “kuwa mtu wa maombi”, “kutumika kwa bidii”. Hakuna anayeweza kuweka alama ya ndiyo au hapana mbele ya maneno hayo. Kipimo ni rahisi: mpe mtu mwingine daftari lako Jumamosi jioni, je, anaweza kusema hili limefanyika na hili halijafanyika bila kukuuliza? “Kusoma sura moja ya Marko kila asubuhi kabla ya kwenda kuchota maji” anaweza kulipima. Marko ina sura 16, kwa hiyo ndani ya wiki tatu utajua kama lengo linashika au halishiki. Daftari linalokuachia mistari mitatu tu ya malengo kwa robo mwaka ni bora kuliko linalokupa kumi na mbili.

Ratiba ya kusoma Biblia ndiyo inayofaa kupigiwa hesabu kabla ya kulipa. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1189: 929 za Agano la Kale na 260 za Agano Jipya. Madaftari mengi yanazigawa kwa siku 365, sura tatu kwa siku na nyingine zaidi kidogo, kuanzia Mwanzo sura ya kwanza. Fuata kalenda hiyo uone. Kwa sura tatu kila siku kuanzia tarehe 1 Januari, Mwanzo inaisha tarehe 17. Tarehe 25 unaingia katika vipimo vya hema, dhiraa, mbao na pazia. Walawi inaanza tarehe 31 Januari na kuisha tarehe 8 Februari, kisha Hesabu mpaka tarehe 20. Hapo ndipo kurasa zinapobaki nyeupe, na sababu si uvivu. Msomaji amekutana na sheria za dhabihu na orodha za koo bila mtu wa kumweleza, wakati huohuo ratiba haina siku hata moja ya kupumua. Amekosa siku nne kwa sababu ya malaria au kilio, anadaiwa sura kumi na mbili juu ya tatu za leo. Anajaribu mara moja, anashindwa, analifunga daftari lote, pamoja na kurasa za maombi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Ratiba nzuri ina akiba. Sura nne kwa siku, siku sita kwa wiki, ni sura 24. Kwa wiki 52 unapata 1248. Umezidi 59, yaani zaidi ya siku kumi na nne unazoweza kukosa bila deni, mbali na siku ya saba ambayo iko wazi kila wiki. Kwa anayeanza tunapendekeza pungufu ya hapo: Agano Jipya peke yake, sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Mara 52 ni 260 kamili, hakuna inayobaki wala inayopungua. Wengine wanapenda kuchanganya, kwa mfano Zaburi tano kwa siku, ambazo huzimaliza zote 150 kwa siku 30, siku thelathini zilezile ambazo Waanglikana wametumia kwa karne nyingi kumaliza Zaburi. Au Mithali, sura 31, moja kwa kila tarehe ya mwezi, ambayo huhitaji daftari kuikumbuka. Mpango wa M'Cheyne, mchungaji wa Scotland aliyeutunga mwaka 1842 kwa waumini wake wa Dundee, bado unachapwa nyuma ya madaftari kadhaa: sura karibu nne kwa siku kutoka sehemu nne tofauti, Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Faida yake ni kwamba hata ukiwa katikati ya Walawi, siku hiyohiyo unasoma pia Injili au waraka. Hasara yake ni kwamba unarukaruka, na asiyejua jinsi vitabu vinavyopangana hupotea.

Mkatoliki awe mwangalifu zaidi. Daftari lenye ratiba ya vitabu 66 linamwachia nje Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo viwili, jumla ya sura 137. Tena mwaka wake hauanzi Januari. Unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio; mwaka A, ambao Dominika zake zinafuata zaidi Injili ya Matayo, ulianza tarehe 30 Novemba 2025. Kwake yeye kalenda ya masomo ya misa ni mpango tayari, umeshapangwa, na parokia nzima inausoma siku moja. Kununua ratiba nyingine juu yake ni kujipa mizigo miwili. Anachohitaji katika daftari ni nafasi ya kuandika sentensi mbili juu ya somo la siku, na kurasa tofauti za Kwaresima, ambayo mwaka 2026 inaanza tarehe 18 Februari, Pasaka ikiwa tarehe 5 Aprili. Hatujaona daftari linalouzwa kwa wingi mjini ambalo limezichora kurasa hizo.

Tufike kwenye kurasa za huduma, ambazo ndizo zilizotufanya tuandike. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja wenye kichwa “Huduma zangu” na mistari kumi. Mistari kumi! Anayeuona anajisikia vibaya kuacha tupu, naye anajaza: korali, selule (kikundi cha sala) ya mtaa, umoja wa akina mama, kamati ya ujenzi, shule ya Jumapili, mapokezi. Daftari halimuulizi saa. Chukua korali peke yake. Repetisyo (mazoezi) mbili kwa wiki za saa mbili mbili ni saa nne. Safari ya kwenda na kurudi, tuseme saa moja kila mara, ni saa mbili tena. Jumapili mwimbaji anatakiwa afike saa nzima kabla ya wengine. Hizo ni saa saba, ibada yenyewe haijaanza. Ongeza selule ya saa mbili na mafundisho ya katikati ya wiki ya saa mbili, umefika kumi na moja, bado mkesha wa Ijumaa. Mtu huyu akiongezewa kamati moja tu, kinachokatwa huwa ni usingizi au ile sura moja ya asubuhi. Kisha mwezi wa tano anaonekana amepoa kiroho, na anashauriwa aongeze huduma.

Mstari wa huduma katika daftari unahitaji mambo matano: huduma ni ipi, siku na saa zake (safari ikiwa ndani), pesa inayokwenda nayo, jina la mtu unayemjibu, na tarehe ya kukoma. Pesa huwa inafichika. Sare ya korali, kitambaa cha umoja, mchango wa safari ya kualikwa kanisa lingine, zamu ya chakula cha wageni, yote hayaandikwi popote mpaka siku yanapodaiwa. Yaandike mwezi wa kwanza, hata kwa kukisia. Jina la unayemjibu lina kazi yake: ukiugua, nani anapigiwa simu? Kama huwezi kuandika jina, huduma hiyo haina mwenyewe, na lawama zitatafuta pa kuangukia. Ama tarehe ya kukoma, hiyo ndiyo inayoleta ubishi. Wako wanaoona ni ukosefu wa heshima kumwambia baba mchungaji “nitatumika mpaka mwisho wa Juni, halafu tuangalie”. Kwa kweli inamsaidia. Anajua mapema kwamba Julai atahitaji mtu, badala ya kushtukizwa na kiti kitupu. Isemwe tu kwa adabu, ana kwa ana, kabla ya kuanza. Ujumbe wa simu baada ya kuchoka hausaidii mtu.

Kwa hesabu hizo, watu wengi wanaofanya kazi wana nafasi ya huduma moja kubwa na moja ndogo. Chini yake weka orodha ya kungoja: yale ambayo umeombwa na hukukataa, ila si mwaka huu.

Kuna jambo ambalo daftari la kuchapwa haliwezi kulijua, nalo ni kilio. Msiba ukitokea kwenye selule au katika lupango (kiwanja) jirani, ratiba ya wiki imekwisha: kukaa na wafiwa jioni, mchango, kuimba, mazishi. Hiyo si usumbufu wa maisha ya kanisa. Ni sehemu yake nzito kuliko nyingi zilizoandikwa. Kwa hiyo kila ukurasa wa wiki uwe na jioni moja isiyo na jina. Wiki isiyo na kilio wala mgonjwa wa kutembelea, jioni hiyo unapumzika au unalipa deni la kusoma. Anayejaza jioni zote saba atalazimika kuvunja ahadi kila mwezi, na wanaovunjiwa huwa ni walewale wa nyumbani.

Ukurasa wa zaka una kosa la hesabu linaloumiza wafanyabiashara wadogo. Kisanduku kimoja: “Mapato ya mwezi”. Kwa mwenye mshahara sawa. Kwa mama anayeuza unga sokoni si sawa, kwa sababu pesa inayopita mkononi mwake kwa sehemu kubwa ni mtaji. Tuseme amenunua unga kwa faranga 60,000, ameuuza wote kwa 70,000, na usafiri umekula 3,000. Faida ni 7,000, na sehemu ya kumi yake ni 700. Akijaza kisanduku kama kilivyo, mapato ni 70,000, na sehemu ya kumi ni 7,000: ametoa faida yote, na kesho ananunua unga kwa kukopa. Inatokea, na mara nyingi hakuna aliyemdanganya; karatasi ndiyo iliyouliza vibaya. Chora safu nne badala ya moja: mauzo, mtaji, matumizi ya kazi, faida. Kama kanisa lako linafundisha namna nyingine ya kuhesabu, liulize kabla, lakini ingia kwenye mazungumzo hayo ukiwa na safu nne mkononi.

Ukurasa wa kufunga tuupite haraka. Viboksi vya siku ni sawa. Kinachokosekana ni mstari wa onyo: mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha na anayekunywa dawa za kila siku aongee na munganga (daktari) kabla ya kuweka alama. Na andika saa, kwa mfano saa 12 jioni mpaka saa 12 jioni, ili usianze kubishana na nafsi yako saa tisa alasiri.

Kurasa za maombi kwa kawaida ndizo nzuri kuliko zote: safu ya tarehe, ombi, na tarehe ya jibu. Safu hiyo ya tatu ina nguvu baada ya miezi sita, mtu anaporudi nyuma na kukuta majibu aliyokuwa ameyasahau. Shida ni siri. Daftari la maombi hukaa mezani, watoto wanafungua, mgeni anafunua. Usiandike “ndoa ya fulani inavunjika” na jina kamili. Herufi mbili zinatosha, Mungu anawafahamu. Maungamo yako mwenyewe yasiandikwe humo kabisa.

Hata daftari lililochorwa vizuri, hata hivyo, halijamuuliza mtu swali. Hilo linafahamika Katanga kuliko mahali pengi. Wamethodisti, ambao wana mizizi mirefu hapa, wamerithi utaratibu ulioanza Bristol mwaka 1742, tena kwa sababu ya deni. Jamii ya John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, ilikuwa inadaiwa pesa za jengo, ikaamuliwa kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na watu wakagawanywa katika makundi ya kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wa kupita kukusanya. Viongozi walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakagundua nani anagombana, nani anakunywa, nani amevunjika moyo. Ukusanyaji wa peni ukageuka kuwa ulezi wa roho. Upande wa Wakatoliki, harakati ya Jamaa iliyoanza miaka ya 1950 kwa padri Placide Tempels katika miji ya migodi ya Katanga ilipitisha wanandoa katika hatua zilizoitwa njia, na waliotangulia wakiwalea wanaofuata, kwa mafundisho ya Kiswahili ya mdomo. Na jumuiya ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Kongo walizichagua tangu mwaka 1961, zinakaa mtaani, mahali ambapo watu wanajua nani hakuonekana wiki hii.

Kwa hiyo kasoro kubwa ya madaftari haya ni safu moja tu inayokosekana: safu ya jina. Mbele ya kila lengo andika nani atakuuliza. Awe mtu mmoja, wa jinsia yako kama si mwenzi wako wa ndoa, asiye bosi wako wala mdeni wako. Mkutane kila baada ya wiki mbili, dakika arobaini, mahali ambapo mnaweza kuongea bila kupaza sauti. Maswali manne yanatosha: ulisoma nini na kilikwamia wapi, ulimwombea nani, huduma yako ilikwendaje na uliyemjibu anasemaje, nini tukipunguze. Swali la nne husahaulika, na mikutano ikiwa ya kuongeza tu, mmoja ataanza kukosa. Makosa mengine mawili hujirudia: kugeuza mkutano kuwa mahubiri ya mkubwa kwa mdogo, na kupeleka yaliyosemwa humo kwenye kamati. Hilo la pili likitokea mara moja, mpango umekufa.

Na simu? YouVersion, programu ya Biblia iliyoingia kwenye simu mwaka 2008, inapatikana bure, ina Biblia za Kiswahili na za Kifaransa, na matoleo kadhaa unaweza kuyapakua yakasomeka bila intaneti. Yapakue ukiwa na megabaiti, maana sauti na video ndizo zinazomaliza kredi. Ina faida moja inayoyashinda madaftari yote: ukikosa siku, unaweza kusogeza tarehe za mpango mbele, deni likafutika. Tunaisifu kwa hilo bila kusita. Hatupendi hesabu yake ya siku mfululizo, kwa sababu mtu huanza kufungua ukurasa ili namba isivunjike. Na umeme ukikatika siku mbili, simu ikizimika, maombi yaliyoandikwa humo yanazimika nayo. Itumie kusoma, usiitumie kupanga huduma, kwani ujumbe wa biashara na wa familia unaingia kwenye kioo hichohicho.

Tunachokipendekeza kwa wengi ni kaye (daftari la shule) ya kurasa 192, ya kawaida, ya mistari au ya vijisanduku. Ya kurasa 96 haitoshi, usidanganyike na wembamba wake: wiki 52 kwa kurasa mbili mbili tayari ni 104. Katika ile ya 192 mgawo unakuwa hivi. Kurasa 104 za wiki, upande wa kushoto siku saba na ile jioni isiyo na jina, upande wa kulia mahubiri ya Jumapili na mambo mawili ya kufanyia kazi. Kurasa 24 za miezi, mbili kila mwezi, moja ya tarehe za kanisa na moja ya zile safu nne za pesa. Nane za robo mwaka, za kupitia malengo na kuyapunguza. Kumi na mbili za maombi, kumi na mbili za huduma. Zimekuwa 160, zinabaki 32 tupu, na zibaki tupu hivyohivyo kwa semina, makongamano, na mahubiri yanayozidi ukurasa. Piga namba kurasa zote kwa biki siku ya kwanza, na uandike yaliyomo ndani ya jalada; bila namba, Machi hutaikuta orodha ya maombi. Ifunike kwa plastiki kama kaye ya shule. Kazi ya kuchora inachukua jioni mbili kwa rula. Asiye na subira achore ukurasa mmoja wa wiki vizuri, aupeleke penye fotokopi, atoe nakala 52, azishone na kuzifunga springi. Aombe karatasi ya gramu 80 na pambizo ya sentimita mbili upande wa springi, la sivyo matundu yatakula maneno ya Jumatatu.

Katika ukurasa wa tarehe za kanisa, jaza kwanza yale ambayo hayako mikononi mwako: meza ya Bwana, ubatizo, kongamano la wilaya, mkutano wa mavuno, na sikukuu za kanisa lako. Mkimbangu, yaani muumini wa kanisa la Simon Kimbangu, ataanza na tarehe 6 Aprili, ambayo sasa ni siku ya mapumziko kitaifa, na Noeli ya tarehe 25 Mei, ambayo hakuna daftari la Kifaransa litakalomwekea. Yako binafsi yaingie kwenye nafasi zilizobaki.

Ukiamua kununua lililochapwa hata hivyo, na wako wanaoandika vizuri zaidi penye mistari iliyokwishachorwa, chukua lisilo na tarehe na lililoshonwa kwa uzi. Uliza bei kwa faranga na kwa dola, kwa sababu muuzaji hukadiria kwa kiwango chake. Lenye tarehe, likipunguzwa bei mwezi wa tatu, linaweza bado kufaa kama karatasi yake ni nzuri: futa tarehe kwa mstari mmoja na uanze wiki ya kwanza siku yoyote unayoanza. Tazama tu kwamba ratiba ya kusoma haijachapwa ndani ya kila siku, kwani hiyo haifutiki.